Rimu Kwanza au Tairi Kwanza?

Toyota 86 ni gari dogo la milango miwili, injini mbele, msukumo nyuma, uzito kama kilo 1,250. Tangu litoke mwaka 2012 limewagombanisha watu, na ugomvi wenyewe mara nyingi hauhusu injini wala rangi. Unahusu uwazi ulio kati ya tairi na madigadi. Mengi yalivishwa rimu za inchi 17 kiwandani, na wengi wanaolinunua huona zimepwaya. Johannesburg ugomvi huu una sababu za ziada. Jiji liko zaidi ya meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, barabara zake kuu ni nzuri, mitaa yake mingi ina mashimo, na katika majira ya joto mvua ya radi hushuka alasiri bila kupiga hodi.

Sauti tatu zinazosikika hapa nimezipanga mwenyewe, kwa hiyo msomaji asimtafute mtu. Mwenye Gari ni kijana wa Nairobi anayefanya kazi Midrand. Fundi ni Mtanga mwenye gereji karibu na Jules Street, ule mtaa mrefu wa wauza magari upande wa mashariki wa jiji. Dada ametoka Lubumbashi, ni mkaguzi wa magari katika kampuni ya bima, na siku za mapumziko hulipeleka gari lake viwanja vya mbio vya Zwartkops na Kyalami. Mimi nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

MWENYE GARI: Fundi, leo sikuja kutafuta somo. Nimeshachagua. Rimu za inchi 19, upana 8.5, ofseti 35, tairi 225/35. Nimeona gari kama langu limevaa hizo kule Sandton, na tangu siku hiyo nikiliangalia langu namwona mtu wa suti aliyevaa kandambili. Wewe niambie tu: zitaingia au haziingii?

FUNDI: Zitaingia, bwana mdogo. Kila kitu huingia. Cha kujiuliza ni zitatoka na nini. Za sasa zina namba gani?

MWENYE GARI: Si nimekwambia, inchi 17.

FUNDI: Hiyo ni namba moja. Ziko sita. Kipenyo 17. Upana 7. Ofseti 48. Nati tano kwenye duara la milimita 100. Tundu la katikati milimita 56.1. Ya sita ni tairi lenyewe, 215/45. Ukigusa moja, zilizobaki zinakuja kudai haki yao.

DADA: Na huyu kaka amegusa nne kwa mpigo.

MWENYE GARI: Hiyo ofseti kila mtu anaitaja na hakuna anayeieleza.

FUNDI: Nitakueleza. Chukua rimu, ipasue katikati ya upana wake kwa mawazo tu. Sasa pima kutoka mstari huo hadi uso unaogusa habu. Umbali huo kwa milimita ndio ofseti. Uso ukiwa umesogea upande wa mtaani, ofseti ni chanya na rimu inazama ndani ya bodi. Namba ikipungua, rimu inatoka nje. Tufanye hesabu yako. Upana wa inchi 7 ni milimita 178, nusu yake 89. Toa 48, unabaki na 41. Ndivyo rimu yako ya sasa inavyotokeza nje ya habu. Hiyo unayoitaka: inchi 8.5 ni milimita 216, nusu 108, toa 35, unabaki na 73. Umetoka nje kwa milimita 32 kila upande.

MWENYE GARI: Na ndani?

FUNDI: Ndani unajumlisha badala ya kutoa. Ya zamani ni 137, mpya ni 143. Umeisogelea shokapu kwa milimita 6 tu.

MWENYE GARI: Sasa shida iko wapi? Ndani kuna nafasi, na huko nje ndiko ninakotaka pajae.

FUNDI: Pajae, pasimwagike. Gari likisimama hapa mbele ya gereji litapendeza sana, sikatai. Mpakie shemeji yako na mizigo, uingie kona yenye bonde, shokapu zibonyee. Tairi litapanda juu likutane na ukingo wa madigadi, na kati ya mpira na bati najua nani hupata jeraha. Utarudi uniambie nikunje ukingo kwa ndani. Nitakunja, rangi itapasuka, kutu itaingia. Au utaniambia nililaze tairi, juu liingie ndani, chini litoke nje. Kemba hasi. Hapo napo litakaa.

DADA: Hapo ndipo faili linapofika mezani kwangu. Kaka, tairi lililolazwa sana linakula ukingo wa ndani. Wewe unatazama nje, unaona mpira mpya kabisa. Kanuni za barabara za Afrika Kusini zinataka kashata za tairi ziwe na kina kisichopungua milimita 1 katika upana wote na mzunguko wote. Upana wote, si nusu unayoiona ukiwa umesimama. Nimelala chini ya magari ya watu nikakuta nje kuna milimita 5 na ndani waya zimechungulia. Mwenyewe haamini hadi nimpigie picha.

Nadhani Dada anaficha jambo hapa: kemba kidogo ni nzuri. Yeye mwenyewe gari lake analilaza kidogo kwa ajili ya Kyalami, na wengi wanaokwenda viwanjani hufanya hivyo, kwa sababu kwenye kona bodi huegama na tairi la nje huhitaji kusimama wima. Tofauti iko kwenye sababu. Yeye analaza tairi ili likamate. Mwenye Gari anataka kulilaza ili liingie.

MWENYE GARI: Sawa, nimesikia ya upana. Kwani inchi 19 zenyewe zina kosa gani? Kule Sandton magari yanatoka dukani na 19, na 20. BMW, Audi, Mercedes. Mbona hao hamwapigii kelele?

DADA: Hayo yalichorwa na gurudumu kubwa tangu karatasi ya kwanza. Gurudumu zima ni kubwa, yaani rimu na mpira. Wewe gurudumu lako haliruhusiwi kukua, kwa sababu ukikuza, linagusa kila kitu na spidomita inadanganya. Kwa hiyo kila inchi unayompa rimu unamnyang'anya mpira. Tairi 215/45, ubavu wake ni asilimia 45 ya 215. Karibu milimita 97. Tairi 225/35 ubavu wake ni 79. Umepoteza milimita 18.

MWENYE GARI: Milimita 18! Dada, hiyo ni kucha.

DADA: Ni kucha inayosimama kati ya aloi na ukingo wa shimo. Shimo la Johannesburg halina mteremko, lina ukingo. Lami inakatika wima. Tairi linaingia, ukingo unalikandamiza, ubavu unabonyea mpaka mwisho, na hapo aloi inapokea pigo lenyewe. Ubavu ukiwa mrefu, pigo linaishia kwenye mpira. Ukiwa mfupi, rimu inapinda, au tairi linatoa uvimbe ubavuni kama yai, maana nyuzi za ndani zimekatika. Tairi la uvimbe halizibwi. Linatupwa.

FUNDI: Na ukikuta shimo limejaa maji, hujui ni kina cha kidole au cha goti.

DADA: Mwaka 2021 kampuni mbili za bima, Discovery Insure na Dialdirect, ziliungana na Jiji la Johannesburg kuunda kikosi cha kuziba mashimo. Mimi niko kwenye biashara hiyo, nakuhakikishia kampuni ya bima haizibi mashimo kwa huruma. Imepiga hesabu ya rimu na tairi inazolipia ikaona lami ni nafuu.

MWENYE GARI: Basi bima italipa.

DADA: Ukiwa umewaambia. Mteja hubadilisha rimu asiseme, akidhani ni urembo kama pazia. Siku ya ajali mkaguzi anapima, anaona gari limekaa tofauti na lililoandikwa kwenye mkataba. Ubishi unaanzia hapo, na wewe unabishana ukitembea kwa miguu. Piga simu kabla, lipa nyongeza yake, omba waandike. Na kuna bima ya ziada ya tairi na rimu peke yake. Isome vizuri ujue inakubali tairi lenye ubavu mfupi kiasi gani.

MWENYE GARI: Mnanifanya nione barabara ni vita.

DADA: Usiku, baadhi ya barabara hizi zinakaribia. Polisi wamekuwa wakiwaonya madereva kuhusu watu wanaoweka mawe na vyuma barabarani ili gari lisimame wapate kumwibia dereva. Tairi nene linaweza kupita juu ya jiwe na kukufikisha kituo cha mafuta chenye taa. Tairi la ubavu wa milimita 79 linakusimamisha palepale. Kwenye bajeti yako ya urembo weka na hilo.

Kijana akanyamaza kidogo. Mimi nilitaka anyamaze zaidi, lakini vijana wa Nairobi hawalelewi hivyo.

MWENYE GARI: Nikubali kwamba mashimo yapo. Lakini jiji hili lenyewe ndilo lililonifundisha kupenda rimu. Eddie Keizan, mzaliwa wa hapahapa, aliendesha mashindano ya Formula One ya Afrika Kusini pale Kyalami mwaka 1973, 1974 na 1975. Ndiye aliyeanzisha Tiger Wheels, biashara iliyofika hadi ng'ambo na rimu za TSW. Dereva wa mbio, mtu anayejua gari, alitajirika kwa kuuza urembo. Nenda Soweto ukaone Gusheshe, BMW 325iS iliyoundwa Rosslyn. Nionyeshe iliyoachwa kama ilivyotoka kiwandani. Gari la michezo ambalo haligeuziwi shingo lina kazi gani? Mngetaka akili tupu, sote tungeendesha Corolla.

FUNDI: Hapo amesema kweli, Dada.

DADA: Kweli tupu. Mimi simkatazi mtu kupendeza. Ila Gusheshe wa mchezo wa kuspini, yaani kulizungusha gari likiteleza, asimtumie kama shahidi. Mchezo huo siku hizi ni mchezo rasmi, una uwanja, una kofia ngumu, una wasimamizi, na lengo lake ni kuliua tairi la nyuma mbele ya watu. Anayekwenda kuunguza tairi haulizi ubavu una milimita ngapi. Wewe unakwenda kazini Midrand.

Hoja ya kijana ina uzito kuliko walivyompa. Fundi na mkaguzi wa bima ni watu wanaokutana na gari siku mbaya. Ni rahisi kwao kusahau kwamba mwenye gari huishi nalo siku zote nyingine. Anayelipenda kwa macho hulifua, hulibadilishia mafuta kwa wakati, huegesha mbali na watu. Urembo nao ni matunzo. Ninachobishana naye ni kuamini kwamba uzuri umo ndani ya namba 19.

Na kuna jambo la mwinuko ambalo hakuna aliyeligusa. Hewa ya Johannesburg ni nyepesi kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam kwa karibu asilimia 16, na injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiasi kama hicho. Ndiyo maana wenyeji wa Johannesburg hupenda magari ya tabo. Injini ya 86 haina tabo. Kwenye karatasi ina kilowati 147. Juu ya uwanda wa Highveld zinabaki kama 123. Sasa mvishe gurudumu la 225/35 R19. Kipenyo chake chote ni milimita 640, na la zamani 625. Gia zote zimerefuka kwa asilimia 2.4. Spidomita iliyokuwa ikisoma sawasawa, ikionyesha 120 wewe uko karibu 123. Ongeza uzito wa rimu kubwa ya kumimina, ambayo aloi yake imekaa mbali na kitovu, mahali ambapo kila kilo ni nzito zaidi kuizungusha na kuisimamisha. Gari lililokwisha kunyang'anywa pumzi na mlima linapewa viatu vya zege. Nimewaeleza.

DADA: Mwandishi amenitangulia, lakini sawa. Mimi niongeze la uwanjani. Kyalami kuna mteremko wanaouita Mineshaft. Ukiushuka, hakuna anayetazama rimu yako. Unachohitaji ni tairi linalokwambia mapema kwamba linaanza kuteleza, upate kulijibu. Tetsuya Tada, mhandisi mkuu aliyelitengeneza 86, alilivisha kwa makusudi Michelin Primacy HP, tairi la jamii iliyokuwa ikitumika kwenye Prius. Alitaka dereva wa kawaida aonje mtelezo kwenye mwendo mdogo, si mpaka afike mwendo wa kuua.

MWENYE GARI: Sasa unataka niweke tairi za Prius?

DADA: Nataka ujue gari limechorwa kwa ajili ya nini kabla hujalichora upya. Ukilipa mpira mpana mno, kwa nguvu hizi zilizobaki huku juu, nyuma haitacheza tena. Litakwenda kama treni. Na tairi pana kwenye gari jepesi linapanda juu ya maji mapema. Umewahi kuwa kwenye barabara kuu ya N1 saa kumi jioni mwezi Januari mvua ikifunguka?

MWENYE GARI: Nimewahi. Nilisimama chini ya daraja.

DADA: Bon. Basi unaelewa.

MWENYE GARI: Naelewa, ila sikubali kubaki na hizi. Nipeni njia ya mkato basi. Jiji limejaa Polo. Polo ina bolti tano kwenye duara la 100, kama yangu. Kuna jamaa Jules Street ana rimu za Polo za inchi 17, halisi za Volkswagen, bei ya kutupa.

FUNDI: Aa! Hapo umekuja nyumbani kwangu. Duara ni sawa, ndiyo mtego wenyewe. Tundu la katikati la Polo ni 57.1, habu yako ni 56.1. Rimu haijakalia habu, imening'inia kwenye nati. Ukishika 100 usukani unaanza kutetemeka, unakwenda kwa mtu wa balansi, anabalansi mara tatu, anakula pesa yako, mtetemo uko palepale. Hilo linatibika, kuna ringi nyembamba ya kuziba nusu milimita pande zote. Lisilotibika kwa ringi ni kiti cha nati. Bolti ya Volkswagen ina shingo ya mviringo, na tundu la rimu yake limechongwa mviringo liipokee. Nati yako ni ya koni. Koni ndani ya mviringo inagusa kwenye mstari mwembamba tu. Utakaza, mkono utakwambia imekaza. Baada ya siku chache imelegea.

MWENYE GARI: Nitatafuta nati za mviringo.

FUNDI: Tafuta, lakini usiazime nati za Corolla kwa kuwa zote ni Toyota. Toyota nyingi zinatumia M12 yenye uzi wa 1.5. Gari hili Toyota ni jina tu mgongoni. Limeundwa na Subaru kiwandani kwao Gunma, na uzi wa nati zake ni 1.25. Nati ya Corolla itaingia mzunguko mmoja, miwili, itakwama. Kijana wa mashine ya hewa hatauliza. Ataisukuma mpaka iingie, na studi imekwisha. Nimebadilisha studi za namna hiyo mpaka nimezichoka.

MWENYE GARI: Nairobi ningeshuka Kirinyaga Road, jioni hiyohiyo nimepata rimu za Impreza.

FUNDI: Na zingekaa, kwa sababu Impreza za zamani ni ndugu: tano kwa 100, tundu 56.1, ofseti karibu na yako. Hata Gerezani pale Dar ungezipata zimetundikwa ukutani. Hapa nchi hairuhusu biashara ya kuingiza magari yaliyotumika, kwa hiyo vipuri vya mtumba vya Japani si vingi kama kwetu. Unazokuta ni za magari yaliyouzwa humuhumu, na yaliyouzwa sana ni Polo. Ndiyo maana kila mwenye 86 siku moja huniletea rimu za Polo.

Nawaacha hapa waendelee kuhusu ringi za plastiki na za aloi. Spesa, vile vipande vya kusogeza rimu nje, nazo zilijadiliwa. Fundi hazitaki, na sababu zake hazichapishiki.

MWENYE GARI: Haya, nimerudi nyuma hatua moja. Inchi 18. Upana 8, ofseti 45, tairi 225/40. Nimepiga hesabu mwenyewe: nje inatoka milimita 16, si 32. Ubavu ni 90. Kutoka 97 hadi 90 ni milimita 7. Dada, hizo 7 nazo utazililia?

DADA: Sizililii. Hapo umeongea kama mtu mzima. Gurudumu zima ni 637, asilimia 1.9 juu ya la zamani. Linavumilika. Na ndani, Fundi?

FUNDI: Ndani inasogea milimita 10 kuelekea shokapu. Inapita. Nitazungusha usukani mwisho kwa mwisho, nitaipandisha kwa jeki nione inavyokwenda, lakini inapita.

DADA: Sasa nikuonyeshe kitu. Bakiza hesabu hiyohiyo, upana 8, ofseti 45, ila inchi iwe 17 na tairi 225/45. Nje inatoka milimita zilezile 16. Madigadi yamejaa vilevile ukilitazama kutoka nyuma. Ubavu ni 101, umezidi hata ule wa kiwandani. Gurudumu zima 634, dogo kidogo kuliko la 18. Rimu ni nyepesi zaidi zikiwa zimetengenezwa kwa namna moja, na tairi la inchi 17 kwa kawaida ni nafuu kuliko la 18. Inchi moja unainunua kwa milimita 11 za mpira. Unapata nini?

MWENYE GARI: Macho. Rimu inaonekana.

DADA: Na?

MWENYE GARI: Na breki zinaonekana ndogo ndani yake, najua, usiseme.

FUNDI: Kama kinachokukera ni uwazi wa juu, dawa yake haiko kwenye rimu. Ni springi fupi kidogo, sentimita mbili hivi, na alaimenti baada yake. Zaidi ya hapo matuta ya mtaani kwenu yatakunyoa bampa.

MWENYE GARI: Matuta ya kwetu yalijengwa na adui.

Katika hatua hii kila mtu alikuwa amepata kitu. Mimi bado niko upande wa 17, na sababu yangu kubwa kuliko zote ni pesa inavyogawanywa. Nimeona mara nyingi mtu akimaliza bajeti yote kwenye aloi, kisha akaenda kutafuta tairi lolote linaloingia. Aloi haigusi barabara. Kinachogusa ni mapande manne ya mpira, kila moja kama ukubwa wa kiganja. Mtu akianza na tairi, akasema nataka tairi hili zuri la mvua na la kona, kwa saizi hii, rimu hujichagua yenyewe: upana unaolifaa, ofseti inayoliweka mahali pake, kipenyo kinachobakiza ubavu. Akianza na rimu, tairi huwa mjane wa bajeti.

DADA: Na ukienda dukani, igeuze rimu utazame mgongo wake. Tafuta alama ya JWL, na VIA pembeni yake. JWL mtengenezaji hujipa mwenyewe kwamba amefuata kipimo cha Japani. VIA maana yake imepita pia kwa wakaguzi. Tazama uzito unaobebwa na rimu moja. Kama mgongo ni mtupu kabisa, hakuna namba, hakuna jina, irudishe kwa mwenyewe.

MWENYE GARI: Hata kama ni nzuri?

DADA: Hasa kama ni nzuri. Kwa bei hiyo uzuri umetoka wapi?

FUNDI: Siku ya kufunga, nati zikazwe kwa toki renchi. Gari hili ni Nyutoni-meta 120, kwa nyota, usiende kwa mzunguko. Mashine ya hewa ikae pembeni. Ukishatembea kilomita 80 au 100, rudi tukaze tena, maana aloi mpya hukaa. Upepo weka asubuhi tairi likiwa baridi, ba 2.4, halafu tutaona. Na nunua nati za kufuli, moja kila gurudumu, usije ukaamka gari limekalia matofali.

MWENYE GARI: Sawa, mzee. Basi iandike: inchi 18, upana 8, ofseti 45. Nimekubaliana na nyinyi nusu, na nusu yangu nimebaki nayo.

FUNDI: Rangi?

MWENYE GARI: Shaba.

FUNDI: Naandika. Tarehe?

MWENYE GARI: Mshahara ukitoka.

DADA: Na tairi utaweka gani?

MWENYE GARI: Ah, tairi nitaangalia na pesa itakayobaki.

DADA: Fundi, futa hiyo karatasi.